Fundi wa Bastola ya Jeshi

Mimi huogopa hata mlio wa bunduki, lakini maisha ya John Moses Browning yalinivutia sana. Alizaliwa mwaka 1855 mjini Ogden, Utah, Marekani. Babake alikuwa fundi wa bunduki, basi kijana akakulia karakanani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, askari wa Marekani waliokuwa wakipigana Ufilipino walilalamika kuwa risasi ndogo za bastola zao hazimsimamishi adui anayewajia mbio na panga. Hebu fikiria, umempiga mtu na bado anakuja! Jeshi likaanza kutafuta bastola moja ya kuwapa askari wake, yenye risasi pana, karibu nusu inchi.

Machi 1911, bastola ya Browning ilishindanishwa na ya kampuni ya Savage. Yake ilifyatua risasi 6,000 kwa siku mbili. Ikishika moto sana, inatumbukizwa majini, kisha kazi inaendelea. Haikukwama hata mara moja! Ya Savage ilikwama tena na tena. Jeshi likachagua ya Browning, likakaa nayo hadi 1985 lilipochagua nyingine, ya Waitaliano.

Mzee mwenyewe alifariki Novemba 1926, akiwa kazini katika kiwanda cha silaha huko Ubelgiji.