Henry Morton Stanley: Mashua ya vipande, mbwa wa Uingereza na mabega ya Waungwana

Kabla ya magari yenye kitanda na jiko ndani yake kuanza kuvuka mpaka wa Malaba kuelekea Kampala, mgeni aliyetaka kusafiri na makazi yake alihitaji mabega ya watu wengine. Maisha ya Henry Morton Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwaka 1874 akiwa na mahema, mashua ya vipande na mbwa watano, yanaonyesha ni nani aliyelipa gharama ya safari za namna hiyo.

Maji ya mfereji wa Nakivubo hupita kando ya Namuwongo, kusini mashariki mwa Kampala, huteremka hadi kwenye kinamasi na hatimaye kuingia Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Mwezi Aprili mwaka 1875 iliingia katika ghuba hiyo mashua ya mbao iliyokuwa imevuka nchi kavu kutoka pwani ikiwa mabegani mwa wapagazi. Ndani yake alikuwamo Stanley pamoja na mabaharia kumi na mmoja waliozungumza Kiswahili, lugha ambayo leo husikika katika vichochoro vya Namuwongo miongoni mwa wakazi waliotoka kaskazini mwa Uganda, Kongo na nchi nyingine jirani.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 mjini Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa na hakumlea. Babu aliyemtunza alipofariki, mtoto huyo alipelekwa akiwa na umri wa miaka sita katika nyumba ya kulelea maskini huko St Asaph, akakaa humo hadi alipokuwa kijana.

Mwaka 1859 alivuka Bahari ya Atlantiki akiwa mtumishi melini na kushuka New Orleans, Marekani. Huko ndiko alikojipatia jina jipya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana kwanza upande wa Kusini, akatekwa mwaka 1862, kisha akajiunga na upande wa Kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa habari, na gazeti la New York Herald likamtuma kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi ambaye habari zake zilikuwa zimekatika.

Alifika Zanzibar mwezi Januari 1871. Kiongozi wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyekwisha kuwasindikiza Burton na Speke katika safari zao za maziwa makuu. Stanley alikuwa pia na mbwa aliyeitwa Omar, aliyemleta kutoka mji wa Bombay, India, ili alinde hema lake. Omar hakufika mbali. Alikufa walipokuwa wakivuka kinamasi cha Makata, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Morogoro nchini Tanzania. Msafara uliendelea bila yeye, na mwezi Novemba mwaka huo Stanley akamkuta Livingstone mjini Ujiji. Mtoto aliyelelewa kwa sadaka akageuka kuwa mtu mashuhuri duniani.

Mbwa watano na mashua ya vipande

Safari kubwa zaidi ilifuata mwaka 1874, ikigharamiwa na New York Herald pamoja na Daily Telegraph la London. Lengo lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria, kuchunguza Ziwa Tanganyika, na kufuata mto mkubwa wa Kongo hadi baharini.

Kwa ajili ya kazi hiyo Stanley aliagiza Uingereza mashua yenye urefu wa futi 40, iliyoweza kufunguliwa vipande vipande na kuunganishwa tena. Aliipa jina la Lady Alice, kwa heshima ya mchumba wake wa Marekani, Alice Pike. Alichukua pia mbwa watano: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Baadhi yao walitoka katika kituo cha mbwa wasio na wenyewe kilichoko Battersea, London.

Leo mbwa anayevushwa mpaka hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo. Mwaka 1874 hakuna aliyeuliza vyeti. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa bado haijapatikana. Louis Pasteur aliitumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Na mipaka yenyewe, kama tunavyoijua, ilikuwa bado haijachorwa.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe ulikuwa na watu 356, wakiwamo wanawake na watoto waliofuatana na waume na baba zao. Wazungu walikuwa wanne tu: Stanley, ndugu wawili Frank na Edward Pocock, na Frederick Barker. Waliobaki wengi wao walikuwa Waungwana wa Zanzibar na pwani, pamoja na Wanyamwezi waliozoea kazi ya upagazi. Hao ndio waliobeba mahema, shanga, nguo, risasi, dawa, chakula na kila kipande cha Lady Alice.

Kuwapo kwa mbwa katika msafara kama huo hakukuwa jambo jepesi. Waungwana wengi walikuwa Waislamu, na kwa mafundisho waliyokulia mate ya mbwa ni najisi. Hata hivyo, walitembea njia moja na mbwa hao, wakalala kambi moja nao, na wakakabiliwa na joto na kiu ile ile.

Katika ghuba ya Kabaka

Mwishoni mwa Februari 1875 msafara ulifika Kagehyi, kusini mwa Ziwa Victoria. Edward Pocock alikuwa amekwisha kufa njiani kwa homa. Vipande vya Lady Alice viliunganishwa, na tarehe 8 Machi Stanley akaanza kulizunguka ziwa, akiwaacha wengine kambini. Tarehe 5 Aprili alipokewa na Kabaka Mutesa I huko Usavara, kando ya Ghuba ya Murchison, mbele ya umati mkubwa na mitumbwi mingi.

Mutesa hakuhitaji kufundishwa habari za wageni. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wamefika Buganda tangu zamani za baba yake, Kabaka Suuna, na Mutesa mwenyewe alikijua Kiswahili. Mbwa pia hakuwa kiumbe kigeni katika kasri lake. Speke, aliyemtembelea mwaka 1862, aliandika kwamba mbwa mweupe alikuwa miongoni mwa alama za utukufu zilizowekwa karibu na Kabaka, pamoja na mkuki na ngao.

Mazungumzo ya Stanley na Kabaka yalizaa jambo lililobadilisha historia ya Uganda. Stanley aliandika barua ya kuwaalika wamisionari, nayo ikachapishwa London mwezi Novemba 1875. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliwasili mwaka 1877. Katika muda huo wa kati, aliyebaki katika kasri la Mutesa akimsomea na kumwandikia alikuwa kijana Mwafrika, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar kabla ya kujiunga na msafara. Hivyo mafundisho ya kwanza ya Biblia katika kasri hilo yaliletwa kwa msaada wa kijana aliyetoka pwani na lugha ya pwani.

Lakini safari hiyo ya ziwani iliacha pia damu. Mwezi Aprili 1875 wenyeji wa kisiwa cha Bumbire walijaribu kuikamata Lady Alice, na Stanley akafyatua risasi kujinusuru. Mwezi Agosti alirudi huko akiwa na nguvu kubwa zaidi na kuwapiga kwa bunduki watu wenye mikuki na pinde. Wengi waliuawa. Habari hizo zilipofika Uingereza zilizua lawama ambazo hazikumtoka maisha yake yote.

Mwisho wa Bull na wa Lady Alice

Baadaye mwaka huo msafara wote uliingia Buganda, na mwanzoni mwa 1876 ulielekea magharibi kabla ya kushuka Karagwe. Baada ya kuondoka Karagwe, Bull, mbwa wa aina ya buldogi, alishindwa kuendelea. Alikuwa ametembea takriban maili 1,500 kwa miguu yake mifupi, na Stanley aliuandika msiba huo kwa huzuni ya wazi.

Kuna wapagazi wengi waliotembea umbali huo huo wakiwa na mzigo kichwani, ambao kifo chao hakikupata hata nusu ya mstari. Aliyetoroka na kukamatwa alitiwa minyororo, aliyeiba alichapwa. Hata hivyo, Stanley aliyahifadhi majina ya baadhi yao, na miongoni mwao Uledi, nahodha wa Lady Alice, anasimama mbele. Katika maporomoko ya Mto Kongo Uledi alijitosa majini mara kwa mara na kuwaokoa zaidi ya watu kumi wasizame.

Katika sehemu ya mwanzo ya safari ya mtoni, Stanley alisindikizwa na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Miaka mingi baadaye Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo alilalamika kwamba ahadi alizopewa na Stanley hazikutimizwa. Ni mojawapo ya nafasi chache za kumwona Stanley kwa macho ya mtu wa pwani.

Mto ulimeza wengi, wakiwamo Kalulu, kijana aliyemfuata Stanley hadi Ulaya na Marekani, na Frank Pocock. Mwezi Julai 1877 Lady Alice iliachwa juu ya miamba, kwa kuwa wabebaji hawakuwa tena na nguvu za kuibeba. Mwenye jina hilo alikuwa amekwisha kuolewa na mtu mwingine. Tarehe 9 Agosti 1877 takriban watu 115 walifika Boma, karibu na Atlantiki. Waliopungua si wote waliokufa, kwani wengine walitoroka. Lakini kati ya Wazungu wanne alibaki Stanley peke yake, na hakuwa na mbwa hata mmoja.

Randy

Kuanzia 1879 Stanley alimtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akijenga barabara na vituo kando ya Mto Kongo. Kazi hiyo iliweka msingi wa utawala ambao baadaye ungewatesa na kuwaua Wakongo wengi kwa ajili ya mpira na pembe. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulipoweka kanuni za kugawana Afrika, Stanley alikuwapo akiwa mshauri wa ujumbe wa Marekani.

Safari yake ya mwisho, ya mwaka 1887 hadi 1889, ilikuwa ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama karibu na Ziwa Albert. Mara hii alikuwa na mbwa mdogo wa aina ya teria, jina lake Randy. Katika msitu wa Ituri watu waliangamia kwa njaa, na hata kanga mmoja aliyekamatwa na Randy ulikuwa neema ya kugawana.

Mwezi Juni 1888 Stanley alilazimika kurudi msituni kuwatafuta watu aliowaacha nyuma mwaka mmoja kabla. Alimhurumia Randy kwa urefu wa njia, akamwacha katika boma la Bodo chini ya uangalizi wa maofisa wake. Mbwa huyo alikataa chakula, na siku ya tatu akafa. Stanley alipoifikia kambi ya watu wake mwezi Agosti, aliona kwamba wengi wao, Wazanzibari na Wasudani, walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi wakimngoja.

Jina lililobaki

Stanley alioa mwaka 1890, akawa mbunge wa London mwaka 1895 na kupewa cheo cha heshima na Malkia Victoria mwaka 1899. Alifariki tarehe 10 Mei 1904. Maombi ya kumzika katika kanisa la Westminster Abbey, alikozikwa Livingstone, yalikataliwa, akazikwa katika kijiji cha Pirbright. Jiwe la kaburi lake lina jina alilopewa Kongo, Bula Matari, lenye maana ya mvunja mawe.

Wapagazi waliombeba hawana jiwe. Wengi walizikwa kando ya njia ambazo hazipo tena, na watoto wao hawakuambiwa mahali. Walichoacha ni kingine. Katika kambi zao na katika baraza za wafalme wa bara, Kiswahili kilizungumzwa kila siku, kikazidi kutia mizizi mbali na bahari. Leo Katiba ya Uganda inakitambua kama lugha rasmi ya pili, tangu marekebisho ya mwaka 2005, ingawa kwa Waganda wengi bado kinabeba kumbukumbu ya askari na amri zao. Wale wanaokizungumza Namuwongo wakiuza mboga au wakiitana kando ya reli wanatumia mali iliyofikishwa bara kwa miguu, na watu ambao vitabu vya msafiri viliwataja kwa uchache kuliko mbwa wake.