Xu Shen, Mzee Aliyeyapa Maneno Ukoo

Mwaka huu tumeombwa tuandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Najua wengi watawachagua wapigania uhuru na washairi wa pwani, nami nawapa heko. Lakini mimi nimevuka bahari hadi Uchina, nikarudi nyuma karibu miaka elfu mbili, nikamleta mzee mmoja aitwaye Xu Shen. Jina hilo ukilitamka Shu Shen utakuwa karibu na ukweli. Mzee huyu hakuwa jemadari wala mfalme. Kazi yake kubwa ilikuwa maneno tu. Je, chama cha lugha kisimjue mtu wa namna hii?

Xu Shen alizaliwa katika karne ya kwanza B.K., na inakadiriwa kuwa ilikuwa mwaka wa 58 hivi. Kwao ni Zhaoling, mahali ambapo siku hizi pamo katika eneo la mji wa Luohe, mkoa wa Henan. Wakati ule Uchina ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Han, na mji mkuu ulikuwa Luoyang. Wanahistoria wa kale walimwandikia mistari michache tu, lakini yatosha kutuonyesha alikuwa mtu wa aina gani. Alikuwa mnyofu, tena tangu ujana wake alikuwa mtu wa vitabu. Uchina wa zamani ulikuwa na Vitabu Vitano vya kale ambavyo vilikuwa msingi wa elimu yote, na watu wa zama zake walikubaliana kwamba kwa kuvijua vitabu hivyo Xu Shen hakuwa na mpinzani. Alifanya kazi serikalini, hata akawa mkuu wa wilaya ya Xiao. Alisoma kwa Jia Kui, mwalimu aliyeheshimiwa mpaka ikulu, na baadaye aliagizwa kusahihisha vitabu katika maktaba ya mfalme huko Luoyang.

Kabla sijaendelea, hebu nieleze jinsi Wachina wanavyoandika, maana bila hilo hutaona ukubwa wa kazi yake. Sisi tuna herufi chache, tunaziunganisha, tunapata neno lolote tunalotaka. Wachina hawana a, e, i, o, u. Wao wana alama, na kila alama husimamia neno au sehemu ya neno. Alama nyingine zilianza kama picha, mfano jua na mwezi. Nyingine ni picha mbili zilizounganishwa ili kutoa maana ya tatu. Kwa mfano, ukiweka mtu kando ya usemi unapata uaminifu. Lakini zilizo nyingi zaidi zina sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine ikidokeza sauti. Mto unaoitwa jiang huandikwa kwa alama ya maji, na kando yake huwekwa alama nyingine iliyokuwa na sauti inayokaribia jiang. Yaani ile sehemu ya maji inakuambia, hapa tunazungumza juu ya maji, na ile ya pili inakuambia namna ya kutamka. Basi ukiujua mpango huo, hata alama usiyowahi kuiona utaikisia kidogo.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Mwaka wa 221 K.K. mfalme wa Qin aliunganisha nchi nzima na kuamuru mwandiko mmoja utumike. Mwaka wa 213 K.K. mfalme huyo huyo aliamuru vitabu vingi vya kale vichomwe moto. Tena kazi za ofisi zilipozidi, makarani walianza kuandika kwa haraka. Mistari ya duara ikanyooshwa, picha zikakatwa katwa, na baada ya miaka mia mbili alama nyingi hazikufanana tena na kile zilichotokana nacho. Baadaye, nyumba iliyokuwa ya mwalimu mkuu Confucius ilipobomolewa, vitabu vya kale vilipatikana vimefichwa ukutani, vimeandikwa kwa mwandiko wa zamani. Wasomi wakagawanyika. Wapo waliosema mwandiko wa makarani ndio wa tangu jadi, na vitabu vile vya ukutani ni vya uongo. Wengine, akiwemo Jia Kui na mwanafunzi wake Xu Shen, walishikilia kwamba vile vya kale visomwe na viheshimiwe.

Ndugu msomaji, usidhani haya yalikuwa mabishano ya wazee wasio na kazi! Xu Shen mwenyewe alilalamika katika maelezo ya kitabu chake kuhusu walimu waliobuni maana kwa kutazama mwandiko ule mpya tu. Walifundisha ati alama ya mkubwa ni mtu mwenye kichwa cha farasi, na ati alama ya kipimo cha nafaka, kama pishi yetu, ni mtu aliyeshika kumi. Hapo unaweza kucheka. Lakini jambo hilo liliingia hadi mahakamani. Kulikuwa na sheria juu ya watu wanaowasumbua wengine na kupokea fedha zao. Neno la kusumbua katika sheria hiyo lina alama ya majani juu, na chini yake sauti tu. Katika mwandiko wa makarani yale majani yalifanana na alama ya kusimamisha, na sehemu ya chini ikafanana na ndoana. Basi wakuu wa sheria wakaifasiri kana kwamba ilihusu kuzuia na kunasa! Fikiria wewe ndiwe mshtakiwa, na hukumu yako inategemea karani aliyeandika mbio mbio. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee huyu. Alitaka neno lisomwe kwa asili yake ili mtu asionewe.

Alifanyaje? Alikusanya alama 9,353, na pamoja nazo maumbo 1,163 ya ziada, yaani njia nyingine za kuandika alama zile zile. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Alizipanga kufuatana na sehemu ambayo zinashirikiana. Zote zenye maji alizikalisha pamoja, zenye mti pamoja, zenye farasi pamoja, na kila kundi likapewa kichwa chake. Mimi napenda kuyaita makundi hayo koo, kwa sababu yanafanana na mambo ya kwetu: lima, mkulima, kilimo na ukulima ni watoto wa nyumba moja, hata kama mmoja yuko shambani na mwingine yuko darasani. Koo za Xu Shen zilikuwa 540. Ya kwanza ni alama ya moja, ambayo ni mstari mmoja tu, na ya mwisho ni alama ya kumi na mbili katika zile ambazo Wachina huhesabia miaka, ili mwisho uelekee mwanzo tena. Kwa kila alama alionyesha mwandiko wa zamani, akaeleza maana, kisha akasema imejengwa kwa sehemu zipi. Kazi hiyo ilifika mwisho mwaka wa 100 B.K. Kitabu kikaitwa Shuowen Jiezi, maana yake ni kueleza alama za picha na kuchambua alama za kuunganishwa.

Ukoo ulionifurahisha zaidi ni wa farasi. Una alama 115! Iko alama ya farasi mweusi tititi. Iko ya farasi mweupe mwenye nywele nyeusi shingoni, na ya farasi wa manjano mwenye mdomo mweusi. Iko ya farasi mwenye weupe katika kipaji cha uso, na nyingine ya farasi ambaye mguu wake wa nyuma wa kushoto ndio mweupe. Mwana-farasi wa miaka miwili ana alama yake, na farasi wa miaka minane vile vile. Wachina wengi wa leo hawazijui alama hizi, wala hawana haja nazo. Lakini siku hizo farasi ndiye aliyevuta magari ya vita, na mwenye mali alilazimika kuitambua mali yake. Wenzetu wanaotoka kwa wafugaji hawatashangaa, maana wao wana maneno ya ng'ombe kwa rangi, kwa mabaka na kwa pembe, hata sisi wengine tunabaki kusema ng'ombe, ng'ombe tu.

Ziko pia alama zinazojengwa kwa kurudia kitu kimoja mara tatu. Farasi watatu ni kundi la farasi. Miti mitatu ni miti mingi, na mawe matatu ni rundo la mawe. Magari matatu ni ule mngurumo wa magari mengi yanapopita. Mbwa watatu ni mbwa wanaokimbia. Na kondoo watatu je? Hapo nilidhani ni kundi la kondoo, kumbe ni harufu ya kondoo! Aliyewahi kulala karibu na zizi atakubali kwamba mwenye kubuni alama hiyo alijua alichokuwa akisema.

Turudi kwa mzee wetu. Kitabu kilimalizika mwaka wa 100 lakini hakikupelekwa kwa mfalme mpaka mwaka wa 121. Miaka 21! Wakati huo Xu Shen alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Mwanawe, Xu Chong, ndiye aliyekichukua kitabu cha baba yake hadi ikulu, akakitoa kwa mfalme An pamoja na barua ya maelezo. Alizawadiwa majora 40 ya kitambaa. Majora 40 kwa kazi ya maisha mazima, nyinyi wenyewe amueni kama ni mengi au machache. Baada ya hapo Xu Shen alifariki nyumbani, na kaburi lake lipo Luohe hadi leo.

Kitabu chenyewe kingeweza kupotea, kwa maana kwa karne nyingi kilinakiliwa kwa mkono, na kila anayenakili ana makosa yake. Mwaka wa 986 msomi aliyeitwa Xu Xuan, kwa amri ya mfalme wa zama zake, alikamilisha kazi ya kukisahihisha, na nakala hiyo ndiyo iliyokiokoa. Baadaye Duan Yucai alitumia miaka zaidi ya thelathini kukifafanua, na ufafanuzi wake ulichapishwa mwaka wa 1815, mwaka ule ule aliofariki. Njia ya Xu Shen ya kupanga alama kwa vichwa haikuachwa. Iliendelea kupunguzwa na kurahisishwa, na kamusi kubwa ya mfalme Kangxi iliyotoka mwaka wa 1716 ilikuwa na vichwa 214. Hata leo Mchina akitaka kutafuta alama asiyojua jinsi ya kuitamka, aweza kufungua kamusi na kuanza kwa kichwa.

Lakini je, mzee alipatia kila mahali? La. Mwaka wa 1899 wasomi walianza kutambua kwamba mifupa na magamba ya kobe yaliyokuwa yakichimbwa karibu na Anyang, mkoa ule ule wa Henan, yalikuwa na maandishi ya kale mno. Yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Xu Shen. Yeye hakuwahi kuyaona, kwani katika siku zake yalikuwa chini ya ardhi. Alama ya kutenda yeye aliieleza kuwa ni tumbili jike. Kwenye mifupa inaonekana wazi kuwa ni mkono unaomwongoza ndovu! Zamani sana ndovu waliishi Henan. Kufikia siku za Xu Shen walikuwa wamekwisha huko, naye aliandika kwamba ndovu ni mnyama mkubwa wa kusini ya mbali. Ukoo wa ndovu katika kitabu chake una alama mbili tu, ya ndovu mwenyewe, na nyingine aliyoieleza kuwa ni ndovu mkubwa. Hiyo ya pili ndiyo jina fupi la mkoa wa Henan hata sasa, na huandikwa kwenye vibao vya nambari za magari ya huko. Kwa maoni yangu, mzee alishindwa kumwona ndovu ndani ya neno kwa sababu ndovu hakuwepo tena machoni mwa watu wake. Mnyama alitoweka kwanza, halafu maana ikamfuata.

Hata hivyo, kosa hilo halimwondolei Xu Shen heshima yake. Wale waliosoma mifupa ya Anyang walianzia kwenye kitabu chake, kwa sababu ndicho kilichohifadhi maumbo ya zamani ambayo makarani waliyaacha. Bila yeye wangeanzia wapi? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hakungoja sifa wala hakutia maji kazi yake.

Wenzangu, jambo hili linatuhusu. Ndovu tunao bado, lakini maneno yanatutoka moja moja. Mara ngapi tunaita kila mti mti na kila ndege ndege, ilhali nyanya zetu wana jina kwa kila mmoja? Napendekeza kwa mwalimu mlezi na kwa kamati kwamba muhula ujao kila mwanachama alete maneno kumi kutoka kwao, ya mifugo, ya mbegu, ya uvuvi au ya mvua, pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, kwa sababu jioni tunarudi nyumbani waliko wazee. Tuwaulize wangali wapo, tuyapange kwa koo zake, na tuyachapishe katika jarida la mwaka ujao.