Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyejifunza afya kwa walaji wimbi

MWISHO wa mwaka unapokaribia, Malaba hujaa watu wa kila aina. Wapo wanaorejea nyumbani baada ya miaka mingi mijini au ng'ambo, na wapo wafanyabiashara wanaokimbizana na wateja wa sikukuu.

Magunia ya wimbi, simsim, maharagwe na mahindi huvuka kutoka Uganda kuingia Kenya. Nazo katoni za biskuti, mafuta ya kupikia na vinywaji vyenye sukari hutafuta soko pande zote mbili.

Wachache wanaovuka hapo wanajua kwamba mmoja wa watu walioufundisha ulimwengu tofauti ya vyakula hivyo aliianza kazi yake si mbali na hapa, katika nchi ya walaji wimbi. Huyo alikuwa Dkt Denis Parsons Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa kaunti, na wakati wa mapumziko aliwafunga ndege pete miguuni ili achore ramani ya maeneo yao. Tabia hiyo ya kuchora ramani ilikuja kumfaa mwanawe.

Akiwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipigwa jiwe usoni na kupoteza jicho la kulia. Alipoingia chuo cha Trinity, Dublin, alianza kusomea uhandisi kabla ya kubadili nia na kusomea udaktari, ambao alihitimu mwaka 1935.

Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Hakufa moyo. Alijiunga na jeshi kama daktari mwaka 1941, akahudumu Afrika Mashariki, na mwaka 1946 hatimaye akaajiriwa Uganda. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, nchi ya Walango, majirani wa Wateso.

Huko Lira aligundua kwamba ugonjwa wa busha uliwasumbua sana wanaume wa mashariki mwa wilaya lakini ulikuwa adimu magharibi. Wengine wangewatibu wagonjwa na kunyamaza. Yeye aliuliza kwa nini ugonjwa uko huku na hauko kule. Swali hilo ndilo lililoongoza maisha yake yote.

Safari ya maili 10,000

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, na baadaye akawa akifanya upasuaji katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwonyesha mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt akakutana na mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo.

Alichapisha maelezo ya saratani hiyo mwaka 1958. Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford na kusafiri takriban maili 10,000 kwa wiki 10 hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila hospitali waliyofika walionyesha picha na kuuliza kama ugonjwa huo unajulikana.

Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kuwa uvimbe huo ulifuata joto na mvua, sehemu zile zile ambako malaria hutesa. Sampuli alizotuma London zilimsaidia Anthony Epstein na wenzake kugundua, mwaka 1964, kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Isitoshe, ugonjwa huo ulikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuonekana kupona kwa dawa pekee. Hadi leo unaitwa kwa jina la Burkitt, na bado unawapata watoto wa Uganda na magharibi mwa Kenya.

Kutoka uvimbe hadi sahani

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la wanamaji. Cleave aliamini kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vilivyowaletea Wazungu kisukari, maradhi ya moyo na magonjwa ya tumbo.

Maneno hayo yalimfungua macho Burkitt. Kwa karibu miaka 20 ya upasuaji Uganda, alikuwa ameona wagonjwa wachache mno wa kidoletumbo, mawe ya nyongo au saratani ya utumbo mpana, ilhali Uingereza hayo yalijaza wodi. Trowell naye alikuwa ameona hivyo hivyo. Maelezo ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyoyachapisha mwaka 1956 yalihesabiwa kuwa jambo geni.

Burkitt akarudia njia yake ya zamani. Aliandikia hospitali nyingi za Afrika na kwingineko, akaomba takwimu kila mwezi. Alipima hata choo, bila aibu. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliripoti kuwa wanakijiji wa Uganda walipata choo cha takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza walipata gramu 104, na chakula kilikaa saa 83.

Tofauti, alisema, ilikuwa makapi, yaani nyuzinyuzi za nafaka, kunde, mboga na matunda ambazo hutolewa unga unapokobolewa. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kiliuzwa kote duniani.

Si kila alichodhani kimethibitishwa. Majaribio mawili makubwa ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuonyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kulizuia vivimbe vya utumbo kurudi. Lakini uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa walaji wa nyuzinyuzi nyingi huugua na kufa kidogo kwa maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima.

Wala Burkitt hakumaanisha kuwa umaskini ni afya. Trowell mwenyewe alitumia miaka mingi kutibu watoto wenye utapiamlo, walioshiba wanga na kukosa protini. Wimbi hutaka maharagwe, kunde, samaki au maziwa kando yake.

Kuwashukuru waliompa elimu

Burkitt alikuwa Mkristo wa dhati. Katika mihadhara alikuwa mwepesi kutaja waliompa fikra, kuanzia Cleave na Trowell hadi madaktari wa hospitali ndogo za misheni ambao majina yao hayakujulikana kokote. Alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akimwacha mkewe Olive na mabinti watatu.

Wengine wa kushukuriwa ni wale wanakijiji, ambao mlo wao ulikuja kuwa somo la vyuo vikuu. Kinaya ni kwamba watoto wao na wajukuu wao sasa ndio wanaouacha. Anayerejea nyumbani na katoni za soda hupokewa kama shujaa, naye nyanya aliyemtayarishia atap ya wimbi na eboo huona haya kuviweka mezani.

Mfanyabiashara anayelala Malaba akingojea mzigo hukosa muda na hununua kilicho karibu. Lakini gunia la wimbi au la maharagwe liko mgongoni mwa baiskeli inayompita. Kisiagi kiko mtaani, na unga usiokobolewa haudai gharama ya kukoboa.

Sikukuu hii, shukrani kwa mkulima na kwa mama aliyepika inaweza kuanza kwa kukila kile walichokitoa shambani, kabla ya kufungua kilichotoka kiwandani.