Jagadish Chandra Bose

Ukipanda mbegu ya haragwe, baada ya siku chache utaona mche umechomoza. Lakini hata ukiukazia macho, huwezi kuuona ukikua, kwa kuwa hukua polepole sana. Sasa utasoma habari za mtaalamu aliyetengeneza chombo cha kuonyesha ukuaji huo.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa mwaka 1858 katika jimbo la Bengal, India. Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza. Alianza kusoma kwa lugha yake ya Kibengali, pamoja na watoto wa wakulima na wavuvi. Baadaye alisomea sayansi huko Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1885 aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency mjini Calcutta, ambao siku hizi huitwa Kolkata. Huko alikuta jambo la kusikitisha. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili tu ya mshahara wa mwalimu Mzungu, ingawa kazi yao ilikuwa moja. Yaani, Mzungu akilipwa 300, Mhindi alilipwa 200. Bose mwenyewe aliwekewa mshahara mdogo zaidi, kwa sababu alikuwa mwalimu wa muda.

Bose hakuacha kazi, wala hakukubali kuupokea mshahara huo. Kwa miaka 3 alifundisha kwa bidii bila ya malipo, ingawa baba yake alikuwa na madeni mengi. Mwishowe wakubwa waliitambua thamani ya kazi yake, wakamlipa mshahara kamili wa miaka yote hiyo. Fedha hizo zilisaidia kulipa madeni ya baba yake.

Bose hakuwa na maabara nzuri. Alifanya majaribio yake katika chumba kidogo, baada ya kufundisha. Mwaka 1895 aliwaonyesha watu wa Calcutta kwamba mawimbi ya redio, ambayo hayaonekani kwa macho, huweza kupenya ukuta. Mawimbi hayo yalipiga kengele na kuwasha baruti upande wa pili.

Kisha alichunguza mimea. Chombo chake, kreskografu, kilikuza mwendo wa mmea mara 10,000, hata ukaonekana dhahiri. Mwaka 1917 alianzisha taasisi ya utafiti mjini Calcutta. Alifariki mwaka 1937.

Kumbuka basi kwamba akili na bidii hazipimwi kwa rangi ya ngozi, na kazi iliyo sawa yastahili malipo yaliyo sawa.

Zoezi: Panda mbegu 3 za maharage. Pima urefu wa kila mche kwa rula kila asubuhi, kwa muda wa siku 10, na uandike vipimo vyako katika daftari.