Simon Kimbangu: miezi 5 ya kuhubiri, miaka 30 gerezani Lubumbashi

Watu wengi wa huku mashariki wanajua jina la Kimbangu juu ya sikukuu ya tarehe 6 Aprili, ama juu ya fanfare na nguo za kijani na nyeupe za waamini wake. Wachache ndio wanajua kama huyu mtu wa Kongo ya chini, karibu na bahari, hakufia kwao. Alifia Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Élisabethville, ndani ya gereza, kisha kufungwa miaka 30. Hakuwa ameua mtu wala kuiba kitu.

Alizaliwa Nkamba, kijiji cha Wakongo, mwaka 1887 kufuatana na hesabu ya kanisa lake. Misioni ya Wabaptisti wa Uingereza ya Ngombe-Lutete ndiyo ilimufundisha kusoma. Akabatizwa mwaka 1915 pamoja na bibi yake Marie Muilu, akakuwa katekista. Ilipofika 1918, wakati grippe kubwa ilikuwa inamaliza watu dunia nzima, akaanza kusikia sauti inamuita aende kuchunga watu. Alikataa. Akakimbilia Kinshasa, akatafuta kazi kwenye kampuni ya mafuta ya mawese, lakini mambo haikumuendea vizuri, akarudia mugini.

Tarehe 6 Aprili 1921 aliingia katika nyumba ya mwanamuke mgonjwa kule Ngombe-Kinsuka, akamuwekea mikono, akaomba. Habari ikaenda kama yule mama amepona. Kiisha hapo njia za Nkamba zikajaa. Watu walibeba wagonjwa wao mgongoni, wengine kwenye kitanda, wengine wakashuka treni ya Matadi wakaendelea kwa miguu. Lopitale za misioni zikabaki na vitanda vitupu. Wafanyakazi wakaacha mashamba ya wazungu na kazi ya reli.

Alikuwa anafundisha nini? Hapa ndipo mtu anaweza kushangaa. Aliwaambia watu wachome minkisi, waache ngoma za usiku, mwanaume abakie na bibi mumoja. Ni mambo yenye wamisionari wenyewe walikuwa wanahubiri miaka mingi bila kusikilizwa sana. Na hakufundisha watu kukataa kodi. Lakini kati ya wale wenye walijiita manabii kufuatana naye, wamoja walianza kusema kama wazungu wataondoka, na hayo maneno yote yakawekwa juu ya kichwa chake.

Administrateri wa Thysville (leo Mbanza-Ngungu), Léon Morel, alifika Nkamba mwezi wa 5 kuangalia. Alikuta watu wanaimba na kuomba, kitu ambacho sheria ya koloni haikukataza. Akaandika raporo kama ile dini, sababu ni ya Waafrika wenyewe bila muzungu wa kuichunga, itageuka siasa. Basi ugomvi ulikuwa hapo. Maombi yenyewe hayakuwa kosa, kosa lilikuwa kuomba bila ruhusa ya mtu. Wamisionari wakatoliki walisukuma serikali ifanye mbio, wafanyabiashara vilevile, maana kazi ilikuwa inasimama.

Tarehe 6 Juni Morel akarudi na askari wa Force Publique. Risasi zikalia, nyumba zikaporwa, lakini Kimbangu akaponyoka. Kwa miezi 3 alitembea vijiji kwa vijiji, anahubiri kwa siri, na hakuna mtu alimutoa. Serikali ikaweka eneo lote chini ya amri za kijeshi. Kiisha, tarehe 12 Septemba, akarudia Nkamba yeye mwenyewe, akajitoa mikononi mwa serikali. Aliwakataza watu wake kupigana. Kama angetaka vita, watu alikuwa nao.

Kesi ilifanyika Thysville mbele ya tribinali ya kijeshi, mkubwa wake komanda De Rossi. Mtu raia, katekista, anahukumiwa na askari, na hana avoka wa kumutetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 akakutwa na hatia ya kuharibu usalama wa serikali na kuchukia wazungu. Hukumu: fimbo 120, kiisha kuuawa. Wenzake wakapewa miaka mingi ya kifungo. Wabaptisti waliomba asiuawe, na kule Ubelgiji mfalme Albert I akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Kwa nini Élisabethville? Toka Nkamba ni zaidi ya kilomita 1.500 hata ndege ikienda moja kwa moja. Serikali ilitaka asionekane tena na watu wake, na ilifaulu: Marie Muilu hakumuona tena bwana wake.

Juu ya ile miaka 30 gerezani hakuna mengi ya kuhadisia, na ndivyo serikali ilitaka. Mtu alipotezwa akiwa hai. Mtoto wake mkubwa, Charles Kisolokele, alichukuliwa akiwa bado mdogo, akapelekwa shule ya serikali kule Boma. Mama akabaki chini ya macho ya askari, na ndiye alishikilia waamini pamoja kwa siri. Kwa kweli, bila yule mama hakungekuwa kanisa leo, hata kama picha zinaonyesha sana bwana yake.

Waamini wengine walipewa adhabu ya relegation. Chombo chenyewe kilikuwa dekreti ya 1910: mkubwa wa serikali anaweza kumuhamisha mtu mbali na kwao bila kumupeleka mbele ya juji, anaandika tu barua. Kanisa linahesabu familia 37.000 zilizohamishwa, karatasi za serikali zina hesabu ndogo sana. Wamoja walifikishwa huku kwetu, Lowa, kando ya mto Lualaba kati ya Kindu na Ubundu, ambako kulikuwa kambi ya Wakimbangu. Karatasi ileile ilitumiwa juu ya watu wa Kitawala, na kambi ya Kasaji kule Katanga ilipokea wengi. (Mwaka 1944 kule Masisi na Lubutu watu wa Kitawala walisimama pamoja na Bushiri na silaha ikatoka, ile ni habari ingine.)

Serikali haikufikiri jambo moja. Mukongo anayepelekwa Lualaba anakuta majirani. Analima nao, anaugua nao, watoto wanajifunza Kiswahili, jioni anaomba. Dini yenye ilikuwa ya teritware chache karibu na Matadi ikapandwa majimboni kwa gharama ya koloni yenyewe.

Kimbangu akakufa tarehe 12 Oktoba 1951, akazikwa palepale Élisabethville. Kulitoka habari kama alibatizwa mkatoliki mbele ya kufa. Kanisa lake limeikataa sikuzote, na yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya kujibu.

Marie Muilu akafariki Aprili 1959. Miezi 8 baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ya Wabeleji ilitambua kanisa, likiongozwa na mtoto wao wa mwisho, Joseph Diangienda. Aprili 1960 mifupa ilifukuliwa Élisabethville ikarudishwa Nkamba. Kisolokele, yule mtoto aliyepelekwa Boma, akaingia katika serikali ya Lumumba mwaka ule ule akiwa waziri.

Lakini karatasi ya De Rossi ilibaki. Kwa sheria, Kimbangu alikuwa bado mtu wa kuharibu usalama wa serikali, hata wakati nchi ilikuwa inamuheshimu. Ni mwaka 2011 ndipo mahakama kuu ya kijeshi ya Kinshasa ilifuta hukumu ya Thysville, miaka 90 kisha kutolewa.