John Peel: mtangazaji wa usiku aliyepiga diski ambazo redio zingine zilikataa

Kwa miaka 37, Mwingereza huyu alikaa mbele ya maikrofoni ya BBC usiku, saa ambayo wengi wamekwisha kulala. Alipiga nyimbo za vijana wasiojulikana, wasio na pesa wala mtu wa kuwasaidia. Wasikilizaji wengi hawakumuona hata siku moja, lakini walimuhesabu kuwa rafiki yao.

Mtoto wa mfanyabiashara wa pamba

Jina lake la kuzaliwa ni John Robert Parker Ravenscroft. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1939 huko Heswall, karibu na mji wa Liverpool, siku chache tu mbele ya Vita ya Pili ya Dunia kuanza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba. Vita ikamupeleka mbali, na mtoto alikuwa na miaka kama sita wakati alianza kumjua baba yake. Kazi ya kumlea ilifanywa zaidi na yaya.

Familia ilikuwa na pesa, lakini nyumba haikuwa na furaha sana. Walimtuma kusoma kwenye shule ya bweni ya Shrewsbury. Kitabu cha maisha yake kinaeleza kwamba wanafunzi wakubwa walimtesa vibaya pale. Kitu kilichomfariji ni redio na diski. Wakati wa likizo alikuwa anatafuta Radio Luxembourg na redio ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ulaya, juu ndizo zilizopiga muziki ya vijana.

Kuanzia 1957 mpaka 1959 alitumikia jeshi kama sheria ya Uingereza ilivyotaka, kwenye kazi ya rada. Kisha akafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba cha Rochdale. Mwaka 1960 baba akamtuma Marekani, katika jimbo la Texas, ili ajifunze biashara ya pamba. Ile biashara hakuiweza.

Liverpool inamfungulia mlango

Katika mji wa Dallas aliuza bima, na pembeni akaanza kupita kidogo kidogo kwenye redio. Wakati rais Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, Peel alijifanya mwandishi wa gazeti moja la Liverpool. Akaingia polisi mpaka ndani ya chumba ambamo walimuonyesha mtuhumiwa Lee Harvey Oswald kwa waandishi wa habari.

Mwaka 1964 kundi la Beatles lilifika Marekani. Ghafla kila kitu cha Liverpool kikapata bei. Redio moja ya Dallas ikamchukua kuwa mjuzi wa habari za Beatles, sababu tu alitoka upande ule. Kutoka pale alifanya kazi ya redio katika mji wa Oklahoma City, kisha California.

Kuna jambo la wakati ule ambalo haliwezi kufichwa. Mwaka 1965, akiwa na miaka 26, alioa huko Marekani msichana wa miaka 15. Ndoa ile haikudumu, na baadaye waliachana kisheria. Peel mwenyewe alikubali mbele ya waandishi wa habari kwamba miaka ile alikuwa na mahusiano na wasichana wadogo sana. Leo watu wengi nchini Uingereza wanalirudilia jambo hilo kwa ukali, na wana haki. Sifa za kazi yake hazilifuti.

Redio juu ya maji

Alirudi Uingereza mwanzo wa 1967. Wakati ule BBC peke yake ndiyo ilikuwa na ruhusa ya kutangaza redio nchini, na muziki ya vijana ilipewa nafasi ndogo. Kwa hiyo wafanyabiashara walipanga meli, wakazisimamisha baharini nje ya mipaka ya sheria, na kutangaza kutoka kule. Meli moja ilikuwa ya Radio London. Ni pale alianza kuitwa John Peel.

Walimpa saa ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: saa sita ya usiku mpaka saa nane. Wakubwa wa redio walikuwa wamelala, hakuna aliyemchunga. Akaanza kupiga nyimbo alizozipenda mwenyewe na kusoma barua za wasikilizaji, akijibu kama mtu anayeongea na jirani. Barua zikawa nyingi kupita za watangazaji wenzake wa mchana.

Katika Agosti 1967 sheria mpya ilifunga redio za meli. Tarehe 30 Septemba mwaka uleule BBC ilianzisha Radio 1, na Peel akawa kati ya watangazaji wa kwanza. Wenzake wa siku zile waliondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki mpaka kufa.

Mwaka ambao wasikilizaji walikasirika

Mwaka 1976 Peel alipata diski ya kwanza ya Ramones, kundi la New York. Nyimbo zilikuwa za mbio, gitaa za kelele, kila moja dakika mbili hivi. Ndiyo muziki iliyoitwa panki. Nchini Uingereza vijana wengi walikuwa bila kazi, na panki iliwaambia kwamba hakuna haja ya kusoma muziki miaka kumi wala kununua vyombo vya bei kali. Anayejua kushika gitaa kidogo anaweza kuimba maisha yake.

Peel alipoanza kuipiga, barua za hasira zilifika nyingi. Wasikilizaji wa zamani walipenda nyimbo ndefu za wapigaji hodari, na walimuomba aache zile kelele. Hakuacha. Wengi walimkimbia, lakini nafasi yao ikashikwa na vijana wa shule waliokuwa wanasikiliza kwa siri chini ya blanketi, wazazi wakidhani wamelala.

Makampuni makubwa hayakuwataka wanamuziki wengi wa panki. Vijana wakatengeneza diski wenyewe. Kundi la Buzzcocks la Manchester, kwa mfano, lilikopa karibu paundi 500 kwa ndugu na marafiki, likatoa diski 1.000 mwanzo wa 1977. Shida ilikuwa baada ya pale: nani atajua kwamba ile diski iko? Duka kubwa haliiweki, redio ya mchana haiipigi. Wengi walifunga diski yao ndani ya karatasi, wakaandika jina la Peel, wakatuma posta. Na yeye aliisikiliza. Akiipenda, usiku ule nchi nzima inaisikia, pamoja na anwani ya kuandikia.

Kulikuwa na njia nyingine. Kwa sababu ya makubaliano na chama cha wanamuziki, BBC haikuruhusiwa kupiga diski kila saa, ilipaswa pia kuwalipa wanamuziki waje kupiga wenyewe. Basi kipindi cha Peel kiliwaita vijana kwenye studio za BBC za Maida Vale, London. Kwa siku moja walirekodi kawaida nyimbo nne, wakalipwa. The Slits na Siouxsie and the Banshees walipita pale mwaka 1977 mbele ya kupata mkataba wa kampuni yoyote. Kundi la The Fall lilirudi mara 24. Mpaka mwisho, zaidi ya wanamuziki na makundi 2.000 walirekodi kwa ajili yake.

Wimbo kutoka mji wa vita

Mwaka 1978 Ireland ya Kaskazini ilikuwa katika vita. Mabomu yalilipuka mijini, wanajeshi walisimama barabarani, na vijana waliogopa kutembea usiku. Katika mji wa Derry vijana watano walikuwa na kundi lililoitwa The Undertones. Walitaka kuimba mambo ya kila kijana: kupenda, kusumbuka, kungojea.

Walirekodi mjini Belfast wimbo wao Teenage Kicks, kwa msaada wa Terri Hooley, mwenye duka dogo la diski lililoitwa Good Vibrations. Hooley alibeba ule wimbo mpaka London. Kampuni moja baada ya ingine ilimkatalia. Mwisho, diski ikafika mikononi mwa Peel.

Peel aliipiga kwenye kipindi. Ilipomalizika, akairudisha mwanzo na kuipiga tena palepale, kitu ambacho watangazaji hawafanyi. Seymour Stein, mkubwa wa kampuni ya Sire ya Marekani, alikuwa Uingereza na akasikia. Haikupita muda mrefu, wale vijana wa Derry walipata mkataba. Peel alisema maisha yake yote kwamba hakuna wimbo aliopenda kupita ule.

Sauti ya mtu wa kawaida

Peel hakuwa na sauti ya kupiga kelele. Aliongea polepole, chini, kama kwa mtu mmoja tu. Alikosea mara nyingi. Diski zingine zinazunguka mara 33 kwa dakika, zingine mara 45, na yeye alizichanganya, wimbo ukatoka wa mbio ao wa kujivuta. Aliomba radhi, akacheka, akaendelea. Wasikilizaji walizoea makosa yake, hata wakayapenda.

Alikuwa pia mpenzi mkali wa timu ya Liverpool. Mwaka 1985 alikuwa kwenye uwanja wa Heysel, Ubelgiji, siku watu 39 walikufa. Mwaka 1989, baada ya msiba wa Hillsborough ambao mwishowe uliua watu 97, alishindwa kujizuia na akalia hewani.

Hakubaki kwa panki tu. Alisaidia kuwajulisha Waingereza muziki wa Zimbabwe wa Bhundu Boys, na kundi la Four Brothers lilipiga nyumbani kwake alipotimiza miaka 50. Gitaa ya Kongo aliipenda pia: alipiga nyimbo za Kanda Bongo Man na za Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani. Gitaa hiyo ilisikika katika kipindi kimoja na panki ya Manchester, bila kutengwa.

Mafurushi yasiyoisha

Mwaka 1974 alimuoa Sheila Gilhooly, wakazaa watoto wanne na kukaa katika kijiji cha Great Finborough, mashariki ya Uingereza. Nyumba ilijaa diski na kaseti. Alikuwa anazisikiliza ndani ya gari, njiani kwenda London na kurudi. Jambo lililomsumbua ni kwamba hakuweza kumaliza zote, na pengine ndani ya furushi ambalo hakulifungua kulikuwa na wimbo mzuri wa kijana anayengojea usiku kwa usiku kusikia jina lake.

BBC ilibadilisha saa zake mara nyingi. Mwaka 2004 kipindi kilisukumwa kuanza saa tano ya usiku, na uchovu ulimuonekana. Katika Oktoba alisafiri na bibi yake kwenda Peru kwa mapumziko na kazi ya kuandika. Tarehe 25 Oktoba 2004, katika mji wa Cusco, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 65.

Mazishi yalifanyika tarehe 12 Novemba mjini Bury St Edmunds. Watu zaidi ya elfu moja walifika, wengi wao wasikilizaji tu. Wakati jeneza lilitoka kanisani, ulipigwa wimbo wa wale vijana wa Derry. Aliacha nyumbani albamu karibu 26.000 na diski ndogo karibu 40.000. Nyingi kati ya hizo zilitoka kwa watu ambao hakuna mtangazaji mwingine aliyefungua furushi lao.