Mkono Uliomwongoza Rebmann

Juma hili tumwangalie mtu ambaye wengi wetu tulimkariri shuleni kisha tukamsahau: Johannes Rebmann. Mwalimu aliandika ubaoni Krapf na Rebmann, tukajua aliuona Mlima Kilimanjaro, mtihani ukaisha. Maisha yake ya baadaye hatukuambiwa, na ndiyo yanayotuhusu sisi tulio na sukari, presha, figo au kupooza nyumbani.

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Alifika Mombasa mwaka 1846 akaungana na Ludwig Krapf, wakaanzisha misheni kule Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wako wasomi wa London waliokataa katakata kumwamini. Mwaka 1851 alimwoa Emma. Krapf aliondoka mwaka 1853, afya ikiwa imemshinda, lakini Rebmann akabaki. Mwaka 1866 akamzika mke wake Rabai. Kisha macho yake yakazidi kufifia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa karibu kipofu kabisa.

Sasa angalia. Hakujifanya mzima, na wala hakuacha kazi. Mimi nilisomea biashara, na duka likiungua mfanyabiashara huuliza kwanza ni nini kimebaki. Rebmann alibaki na masikio, kumbukumbu na lugha. Aliendelea kushughulika na kamusi zake, mojawapo ikiwa ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, ambayo alifundishwa na Salimini, mtu aliyetolewa kwao utumwani. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, mwenyewe akiwa ameshalala.

Lakini hakufika huko peke yake. Alikuwepo Mkristo wa Rabai aitwaye Isaac Nyondo. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 Afrika, Rebmann alipopanda meli kurudi Ulaya, Nyondo ndiye aliyesafiri naye akimwongoza. Hebu fikiria: meli, baridi, nchi ya wageni, na mtu mzima anayekutegemea kila hatua. Rebmann alikaa Korntal karibu na rafiki yake Krapf, akaoa tena, akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Shuleni tuliukariri mlima. Nyondo hatukumkariri.

Hapo nilichomwa moyo. Mwaka jana nilitembelea nyumba moja hapa Nakuru, baba amepooza kwa miaka. Nilimwekea mikono, nikaomba, nikanywa chai, nikaaga. Mama akanisindikiza hadi kwa geti, akaniuliza kama kanisa lina maombi ya mtu ambaye si mgonjwa ila amechoka tu. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa kwake saa nzima bila kumuuliza analala saa ngapi.

Mungu anaponya, na sitaacha kuomba. Lakini kati ya maombi na uponyaji kuna Jumanne: kuna kliniki, dawa, shuka za kufua, ng'ombe wa kukamua, na karo inangoja. Soma Kutoka 17. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri walimtafutia jiwe akaketi, kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Walikuwa wawili. Nyumba nyingi zetu zina Haruni pekee, na jua bado halijatua.

Kwa hivyo wewe mgonjwa, meza dawa yako ukiendelea kuomba, fanya kile ambacho bado unaweza, na usione haya kushikwa mkono. Wewe unayeuguza, kuchoka si kukosa imani. Sema mapema, kabla hujaanguka. Na kila kikundi cha nyumbani kichague familia moja. Msiende na sabuni na mkate tu. Mmoja wenu akae na mgonjwa alasiri moja kwa wiki, ili yule anayemuuguza alale, aende sokoni, au aje ibada.

Mimi nimeanza na ile nyumba, kila Alhamisi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Kumgeuza baba kitandani kunataka watu wawili, na niko peke yangu. Namtafuta Huri. Nione baada ya ibada.